Ukuta Nilioutungia Uongo

“Simwagi,” alisema Sylvanus. “Tafuta mwingine.”

“Mwingine nimeshampata,” alijibu Naseeb. “We toka tu kwenye ukuta wangu.”

Sylvanus hakutoka. Alikuwa ameegemeza mgongo kwenye ukuta wa nyuma wa nyumba, huku uani kwetu, hatua nne kutoka jikoni kwangu, mikono kaikunja kifuani, vumbi limemjaa nyweleni kama mtu aliyeangukia ndani ya gunia la unga wa muhogo. Tangu asubuhi alikuwa anabandua lipu ya ukuta ule kwa tindo na nyundo, bila kuombwa na mtu. Alipofikisha upana wa mlango akaacha, akatuita tuone. Chini ya lipu kulikuwa na tofali za kuchoma, sawa, nyekundu na nzuri. Lakini kati ya tofali na tofali hapakuwa na saruji. Palikuwa na udongo, ule wa kuchimba shimoni na kukanyaga kwa miguu. Ulitoka kwa kidole. Mimi mwenyewe niliutoa kwa ukucha, na ukucha wangu una miaka sabini na nane, au mia na mbili, maana mama yangu hakujua kuhesabu na mimi nimerithi kwake.

Juu ya ukuta huo mjukuu wangu Naseeb anataka kumwaga slabu kesho asubuhi. Slabu ni sakafu ya zege ya ghorofani, nzito kama ng'ombe mia mbili wa Wasukuma waliolala juu ya dari yako wakakataa kuamka. Juu ya slabu anataka vyumba sita vya wageni. Na chini ya slabu, nyuma ya ukuta huohuo, ndiko anakolala Hadia, binti yangu wa pekee, ambaye ndiye mama yake Naseeb, pamoja na Amira, mtoto wa Naseeb mwenyewe, wa darasa la pili. Mimi ninalala chumba cha uani, peke yangu, chini ya bati. Likiniangukia bati nitaamka na nundu. Wao hawataamka. Kwa hiyo mkiniona nina hasira msiseme ni uzee.

Wawili hao walikuwa wanagombana tangu juzi, na hadi leo walikuwa wanarudia yaleyale. Sylvanus alikuwa ameeleza mara tano kwamba kuna njia mbili tu. Ama nyumba ibomolewe waanze na msingi mpya, ama wachimbe ndani, wasimamishe nguzo za zege zenye miguu yake ardhini, wazifunge juu kwa mkanda wa nondo unaozunguka pande zote nne bila kukatika, slabu ikae juu ya hizo nguzo, na ukuta wa zamani ubaki wa kuzuia upepo. Naseeb alijibu kwamba hiyo ni kazi ya miezi minne, na mpunga ukianza kutoka mashambani wanunuzi wa Mwanza na Kigoma watafika hapa Mpanda na kulala kwa jirani. Kibali anacho. Ramani anayo, imechorwa na kompyuta. Mashine ya kuchanganyia zege imeshasimama mbele ya nyumba, penye duka letu, na vibarua kumi na wawili wameshaambiwa waje saa kumi na mbili na viatu.

Nilimuuliza mimi kama huyo aliyetoa kibali aliwahi kubandua lipu akaona. Naseeb akasema kibali kinatolewa kwenye karatasi, Bibi, si kwenye lipu.

Kisha akasema neno lililonifanya nikoroge maharage ambayo hayakuhitaji kukorogwa.

“Fundi, acha kunizingua. Hii nyumba ilishapigwa mtihani ikafaulu. Lile tetemeko la ziwani liliangusha vyoo mtaa mzima, hapa hata chokaa haikudondoka. Muulize Bibi, shahidi ni yeye.”

Wote wawili wakanitazama. Nikatazama chungu.

Nitafika kwenye chungu. Kwanza mumjue huyu Sylvanus, mjue mtu anayefukuzwa uani kwangu kama mbuzi aliyekula nguo ni mtu gani.

Sylvanus ni wa Ikola, kule ziwani. Baba yake alikuwa mvuvi wa dagaa, na babu yake, na baba wa babu yake, ambaye inasemekana alizaliwa na wavu wa kokoro mkononi. Sylvanus peke yake katika ukoo mzima alikuwa anatapika mtumbwini. Na si katikati ya maji, la. Alikuwa anatapika mtumbwi ukiwa bado umefungwa kamba ufukweni. Baba yake alijaribu kila kitu, mpaka akamlisha jicho bichi la samaki sangala, akatapika na jicho. Mwisho mzee akamwambia, mwanangu, wewe Mungu alikuumba uishi pakavu, nenda ukatafute kazi ya udongo.

Akaenda Katumba kwa Mrundi mmoja, mzee Arcade, fundi wa kuchoma tofali na kujenga. Arcade alikuwa haongei sana. Alikuwa anachukua tofali mbili, anazigonganisha karibu na sikio. Zikilia kama kengele, anapanga. Zikisema bu, anazitupa, hata kama mwenye nyumba amesimama hapo anahesabu. Sylvanus alijifunza kugonganisha tofali. Akajifunza kukanyaga udongo, kupanga tanuri, kulichochea, kunyoosha ukuta kwa timazi mpaka hata mchwa akiupanda hapindi. Baada ya mwaka mmoja na nusu alikuwa anapandisha ukuta haraka kuliko mwalimu wake.

Lakini Arcade alikuwa bado hajamfundisha kuufunga. Kupandisha ni kitu kimoja na kufunga ni kingine. Kona zinafungwaje, nondo zinapindwaje, ule mkanda wa zege juu ya madirisha unazungukaje nyumba nzima hadi ujishike mkia wenyewe, hayo yalikuwa ya mwaka wa tatu. Sylvanus alikuwa na miaka ishirini na mbili na sifa zimeshaanza kumwasha. Hakusubiri. Akarudi Ikola akamjengea dada yake, Suzana, nyumba ambayo watu walikuwa wanatoka Karema kuja kuiangalia. Tofali za kuchoma kwa udongo safi, vyumba vitatu, na mbele ukuta umepanda juu kwa pembe tatu mpaka kileleni mwa paa, na katikati ya pembe hiyo amechonga nyota. Kule ambako kila nyumba ilikuwa ya miti na nyasi, ile ilikuwa ikulu.

Mwaka uliofuata ndipo lilipokuja lile tetemeko.

Mimi nimelisimulia tetemeko hilo mara nyingi, na kila mara linakuwa refu zaidi. Nimesema ziwa lilisimama wima kama pazia watu wakaona sakafu yake, na huko chini wakaona njia, na miguu ya ng'ombe. Nimesema mtumbwi wa shemeji yangu ulirushwa ukatua juu ya paa la jiko, na dagaa waliokuwemo wakawa wameiva na chumvi imekolea. Watu walikuwa wanacheka mpaka wanashika mbavu, na mimi ninaletewa chai. Leo sitaki chai. Leo ninasema lililotokea. Ilikuwa mchana, baada ya chakula. Ardhi ilitikisika kwa muda ambao mtu anaweza kusema jina lake na la baba yake na la babu yake. Basi. Ukuta wa pembe tatu wenye nyota, ambao haukufungwa na kitu chochote, ulitoka mbele mzima mzima na kumwangukia Suzana aliyekuwa amekaa kivulini chake anachambua dagaa.

Hakufa. Nyonga ilivunjika na mguu mmoja. Mpaka leo anaanika dagaa akiwa amekaa kwenye kigoda, anakisogeza kigoda, anajisogeza yeye, anakisogeza tena.

Sylvanus alikuwa huku Mpanda siku hiyo, akafika Ikola siku ya tatu. Alimkuta dada yake kwenye mkeka. Alitaka atukanwe. Alikuwa amejiandaa njia nzima kutukanwa. Suzana akamwambia, “Nyumba ilikuwa nzuri, kaka. Mimi nilikaa pabaya.”

Huyo mwanamke hakujua alichomfanyia. Angemtukana, yangeisha. Tangu siku hiyo Sylvanus ana hasira ambayo haina mtu wa kupelekewa, basi anawapelekea wote wanaojenga.

Alirudi Katumba kwa Arcade akapiga magoti mlangoni, akasema, nifundishe kile kilichobaki. Mzee hakumsema. Alimpa koleo na rundo la nondo, akamwambia apinde ringi, zile pete za chuma za kufungia nondo. Sylvanus alipinda ringi mwaka mzima. Hakugusa tofali. Vidole vyake vya mkono wa kulia mpaka sasa havinyooki, ukimpa mkono ni kama umeshikwa na jogoo.

Alipotoka hapo alikuwa fundi mwingine. Nyumba zake si nzuri, nisidanganye. Ni fupi, kuta hazipandi juu ya lazima, na juu ya madirisha kuna huo mkanda wa zege unaonekana, kama mzee aliyefunga suruali juu ya kitovu. Mjini wanamwita Fundi Mkanda. Amejenga Litapunga nyumba saba, zote zimefunga suruali juu ya kitovu. Kasansa alikwenda kumjengea Msukuma mmoja mwenye ng'ombe, Nkwabi, mtu mkubwa mwenye sauti ya kuita mifugo ng'ambo ya mto. Nkwabi alikataa mkanda, akasema chuma ni cha plau. Sylvanus hakubishana. Alimchukua mpaka kwenye zizi lake akamwonyesha zile nguzo zilizofungwa kwa fito kuzunguka, akamuuliza, ukikata fito hizi, fahali mmoja akiegemea nguzo moja, inakuwaje? Nkwabi akasema, nguzo zinaachana, kila moja inaanguka kivyake. Akaitikisa fito moja kwa mkono. Kisha akasema, nimekuelewa, weka fito yako.

Ndivyo alivyo. Mchunga ng'ombe wa Kasansa alielewa akiwa amesimama kwenye mavi ya ng'ombe. Mjukuu wangu, aliyesoma mpaka Tabora, haelewi.

Na mji wenyewe umeshikwa na wazimu. Tangu lami ifike, kila mwenye duka anataka duka lake limpande mwenzake mgongoni. Nyumba ambazo zilijengwa za chini, kwa udongo, wakati mtu alikuwa anajenga ili asinyeshewe tu, leo zinabebeshwa ghorofa kama punda anayebebeshwa tembo. Wanapiga lipu nje, wanapaka rangi ya chungwa, wanaweka vioo vya bluu. Ukipita unasema ah, mji umekua. Haujakua. Umevaa.

Kuna mwaka walikuja wataalamu wa matetemeko na vyombo vya kupimia, wakakusanya mafundi wakawaeleza. Sylvanus alikwenda, akarudi akanieleza mimi nikiwa ninapepeta mchele. Alisema nchi yetu hii ina mishono, kama kitenge cha viraka. Mshono mmoja unapita huko ziwani, mwingine unapita Rukwa, na sisi tumekaa katikati tunajenga. Na mishono hiyo inavutana, polepole, kama kucha inavyokua, mpaka siku inaachia. Fundi mmoja alinyanyua mkono akauliza, lini? Yule mtaalamu akasema, hatujui, kwa hiyo jengeni kama ni kesho. Mafundi wengi walicheka. Sylvanus hakucheka. Ameshaacha kazi tatu katikati tangu siku hiyo kwa sababu mwenye nyumba alitaka kupunguza nondo. Mara ya tatu mkewe, Katarina, alimfichia mwiko kwenye debe la unga siku nne, akasema kama hutaki kujenga basi huna haja ya mwiko. Walipatana. Mwiko ulitoka mweupe.

Haya. Sasa turudi uani.

Naseeb alipoona sijibu, alidhani nimeunga mkono. Akamgeukia Sylvanus kwa ile sauti ya vijana wanaosikiliza redio ya Dar, sauti ya puani.

“Unajua tatizo lako, fundi? Ulimvunja dada yako miguu kwa kujenga vibaya, basi sasa kila nyumba ya mtu unaiona jeneza.”

Palikuwa na kuku uani, nao wakanyamaza. Hilo la kuku nimeongeza. Lakini Sylvanus alifungua mikono yake akaiweka nyuma, kwenye tofali, kama anayeogopa itaruka yenyewe. Midomo ilikuwa imemkauka na vumbi.

Nikaweka upawa chini. Nilimwambia Naseeb anyamaze, na mimi huwa simwambii hivyo, maana mjukuu wa kiume ni mume wangu, tunataniana, ananiita mchumba asiye na meno na mimi ninamwita mume asiye na akili. Safari hii sikutania, na alijua, kwa sababu nilimwita kwa jina lake na la baba yake.

“Naseeb Zubery. Chokaa ilidondoka.”

Akasema, “Nini?”

“Chokaa ilidondoka. Na ukuta ulipasuka.”

Hadithi anayoijua yeye, na anayoijua nusu ya mji huu, ni hii. Tetemeko lilipotoka ziwani lilikuja kwa miguu, linaangusha vyoo kulia na kushoto, mpaka likafika mlangoni kwa Zubery. Hapo likasimama. Kwa nini? Kwa sababu chini ya kona ya nyumba palizikwa mbuzi mweusi siku ya msingi, na yule mbuzi akalia kutoka ardhini, mee, mara tatu. Tetemeko likavua kofia, likasema samahani, sikujua pana mwenyewe, likapita kwa jirani. Hadithi tamu. Shehe alininunia wiki mbili kwa sababu ya yule mbuzi. Watu walikuwa wanakuja dukani kununua sukari ili waonyeshwe kona. Naseeb alikuwa mtoto wa miaka kumi na moja, alikuwa chuo cha Kurani siku ya tetemeko, aliporudi alikuta hadithi imeshaiva. Nimemlea kwayo kama uji.

Niliitunga mimi. Hakuna mbuzi. Hapa chini hakuna hata kuku.

Nilimweleza yote, nimesimama, na moshi unaniingia machoni. Siku ile ukuta huu wa nyuma ulipasuka kutoka kona ya dirisha la chumba cha Hadia na Zubery mpaka juu kwenye kenchi za paa, ufa wa kuingiza kiganja. Zubery alikuwa ndiyo kwanza anaanza kuaminiwa sokoni, anachukua bidhaa kwa maneno tu. Watu wameshaanza kunong'ona kwamba nyumba yoyote iliyopasuka ina jambo. Akanijia hapa jikoni, akasimama kule mbali anapostahili mkwe kusimama, akatazama chini, akasema, mama, nisaidie. Hakuwahi kuniomba kitu kabla. Mkwe akikuomba kwa adabu ile, unatoa ulichonacho, na mimi sikuwa na kingine zaidi ya mdomo. Usiku uleule nikakanyaga udongo kwenye beseni, nikauziba ufa kwa mikono yangu upande huu wa nje, nikapaka lipu. Kesho yake nikaanza na yule mbuzi.

Naseeb alikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa. Kwa muda nilidhani nimempata. Kisha akacheka, kicheko kidogo kibaya.

Akasema kwamba mimi ni muongo, mji mzima unajua, na nilishasema mwenyewe kwamba dagaa walijikaanga. Miaka ishirini nimeapa kwamba nyumba ni imara, leo kwa kuwa fundi wangu amebanwa ndiyo nimekumbuka ufa. Akauliza, ipi ni hadithi sasa, ile ya zamani au hii ya leo?

Nilitafuta jibu, wallahi, mimi ambaye sijawahi kukosa neno, nilitafuta kinywa kizima sikukuta kitu. Ukidanganya watu vizuri kwa miaka ishirini, siku ukiwa na ukweli mmoja tu mkononi unafanana na uongo mwingine.

Ni Sylvanus aliyeuliza. Hakunitazama kwa hasira, na ingekuwa haki yake. Aliuliza kama fundi.

“Mama, umesema uliziba nje. Ndani nani aliziba?”

Nikatazama dirisha la Hadia.

Ndani hakuna aliyeziba. Nani angeingia? Kile ni chumba cha kulala cha mkwe wangu. Mimi sikanyagi humo, sijakanyaga toka siku ya ndoa, na hata baada ya Zubery kuzikwa sijakanyaga, maana kitanda chake kipo. Fundi asingeingia, Zubery alikuwa na wivu, hakutaka mwanaume aone hata chandarua cha mkewe. Naseeb ni mtoto wa kiume mtu mzima, hawezi kuingia chumbani kwa mama yake. Amira anaingia, lakini Amira anaona kabati. Hadia alisogeza kabati la nguo wiki ileile likaziba ufa, na kabati limekaa hapo miaka ishirini. Wote tumeheshimiana vizuri sana. Ufa umekaa humo nyuma ya heshima zetu, na kila gari kubwa la mpunga likipita barabarani unafunguka kidogo, na kila mtikisiko mdogo ule tunaosema aa, ni upepo, unafunguka kidogo.

Nilimwambia Naseeb hivyo. Nikamwambia, “Usiniamini mimi, mume wangu. Una haki. Kamuulize mama yako kabati lile linaficha nini.”

Alisimama kutoka kwenye ndoo. Alisema hawezi kwenda kumhoji mama yake mambo ya chumbani, kwamba mimi ninataka amdhalilishe. Alisema mama yake ameshiriki mipango yote ya ghorofa na hakusema neno. Hilo lilikuwa kweli, na ndilo lililokuwa linanila zaidi, kwa sababu Hadia hasemi. Nilizaliwa mimi na mdomo, nikamzaa yeye bila. Alimtii Zubery kwa kunyamaza, na sasa anamtii Naseeb kwa kunyamaza, kana kwamba nyumba ni ya wanaume na yeye ni mpangaji wa kupika. Asubuhi nilimuuliza uso kwa uso kama anataka kulala chini ya zege. Akasema, mama, mtoto ndiye mwenye nyumba. Nilitaka kumpiga na kifuniko.

Sylvanus akasema yeye hahitaji kuingia chumbani. Anaweza kuufuata ufa kutoka nje, akibandua lipu hatua mbili zaidi kwenda kwenye dirisha. Akaokota tindo. Naseeb akamshika mkono. Hapo ndipo walipokaribia kupigana, watu wazima wawili wameshikana tindo moja, na mimi katikati ninasukuma vifua vyao, nikimtukana mmoja na kumbembeleza mwingine, na nadhani nilichanganya.

“Ukigonga tena nakuitia polisi,” alisema Naseeb. “Kuharibu mali ya mtu.”

“Ita,” alisema Sylvanus. “Waje waegemee hapa.”

“Kesho zege linamwagwa. Utake usitake.”

“Mimi nitakuwa nimekaa chini yake, hapo mlangoni. Uwaambie vibarua wako wanimwagie.”

“Utatolewa.”

“Nitarudi.”

Ndani ya nyumba, nyuma ya ukuta ule, kitu kizito kiliburuzwa kwenye sakafu. Kilikwama, kikaburuzwa tena. Kivumbi cha udongo kilitoka kwenye maungio ya tofali alipokuwa ameegemea Sylvanus, kikammwagikia begani. Naseeb hakusikia, au hakutaka kusikia. Alikuwa amenigeukia mimi na kidole kimenyooka.

“Na wewe Bibi, tangu leo usiniingilie. Kama ukuta ungekuwa mbovu, mama angesema. Mama yangu amelala kwenye chumba hicho miaka yote, hajawahi hata siku moja—”

Hadia akatoka uani kwa mlango wa nyuma, godoro kichwani, shuka zote begani, na Amira nyuma yake na mito miwili. Alitupita wote watatu bila kutazama mtu, akasukuma mlango wa chumba changu cha bati kwa mguu.